Kilio cha Mtu Aliye Hai

Ipo siku moja ambayo mpaka leo haijanitoka kichwani, mwanangu, na ni wewe uliyeiamsha. Umekuja hapa kwangu Kasongo na simu mkononi, hata kiti hujakivuta vizuri, unaniuliza: mwalimu, kwa Kiingereza sentensi ya kusudi na sentensi ya matokeo zinatofautianaje? Mtihani wa kazi uko Kindu juma lijalo, unataka jibu la haraka. Aka! La haraka nitakupa, usinune. Lakini ukishalipata utakaa, utakunywa chai hii ambayo mjukuu wangu ameijaza tangawizi kama anatibu mafua ya ng'ombe, na utasikiliza jibu lile lingine. Hilo lilinikuta Wamaza nikiwa kijana wa rika lako, mwenye suruali moja ya kupiga pasi na kiburi cha suruali tatu.

Haya, la haraka. Mwingereza akisema "so that", na mbele kidogo akaweka "can" au "may" au "will", mara nyingi anakuambia mtu alikuwa anataka nini. Ninachemsha maji ili mtoto asiumwe tumbo. Hilo ni kusudi. Jambo lenyewe bado halijatokea, liko ndani ya kichwa cha mtu. Akiyatenganisha yale maneno, "so" huku na "that" kule, na sifa katikati, anakuambia kilichotokea, watu wapende wasipende. Maji yalikuwa ya moto sana hata mtoto akaungua. Hayo ni matokeo, na huenda hakuna hata mmoja aliyeyataka. Umeandika? Sasa weka simu chini.

Maana sisi watu wa huku kusini ya Maniema, Kiingereza tunaweza kukikosea na maisha yakaendelea. Tunapokosea vibaya ni pengine. Kwetu hakuna kinachotokea bure. Paa likianguka, kuna aliyetaka lianguke. Mtu akifa, hatuulizi amekufa na nini, tunauliza ni nani. Kila matokeo tunayatafutia mwenye kusudi, na tukimkosa tunamtengeneza.

Mimi ni mtoto wa walimaji wa hapahapa Kasongo. Nilipomaliza masomo nilitumwa Wamaza, kule Kabambare, nikafundishe Kiingereza katika shule ya sekondari ya udongo na nyasi. Nilipata chumba kwa mjane mmoja, Koko Feza. Usifikiri ni nyanya wa kubembeleza watu. Alikuwa mkali! Alikuwa anapika mawese, na mteja aliyelalamika bei alirudi kwake na chupa tupu na matusi ya nyongeza. Mimi aliniita "mwalimu wa maneno ya watu". Lakini nusu ya Wamaza walikuwa wajukuu zake, wa damu au wa kupewa chakula, na hakuna kijana wa kijiji ambaye hakuwahi kula bugali kwake na kupigwa mwiko kwake.

Vitabu hatukuwa navyo. Basi nilifundisha hivi: ninasema nusu ya sentensi, mwanafunzi anasimama anaimalizia, darasa zima linarudia kwa sauti. Tulipofika kwenye sentensi za matokeo, wote walikuwa wanababaika isipokuwa msichana mmoja, Mapendo. Alikuwa na miaka kumi na saba hivi. Wazazi wake walikuwa wamekufa, alibaki na kaka yake Baraka, naye Baraka alikuwa mchimbaji wa dhahabu upande wa Salamabila, anarudi nyumbani kwa nadra. Jumamosi Mapendo alikuja kwetu kumsaidia Koko Feza kutwanga ngazi, zile tunda za mchikichi zinazotoa mawese. Msichana mtulivu, mwenye sauti ndogo.

Mwanzo ilikuwa kichekesho. Nikasema, "Njaa ilikuwa kali sana hata..." Mapendo akasimama, akamalizia, "prefe akamla kuku wake wa mayai." Prefe ndiye mkuu wa shule, na kuku yule alikuwa anampenda kuliko jamaa zake. Tulicheka mpaka basi. Kesho yake jioni nikapita nyuma ya nyumba ya prefe, nikakuta manyoya ya kuku yule juu ya majivu, na mkewe ananitazama kwa haya. Nikacheka tena, ila mara hii peke yangu, na si sana.

Kisha nikasema, "Upepo ulikuwa na nguvu sana hata..." Naye: "kanisa likalala kichwa wazi." Kabla ya Jumapili upepo ukashuka kutoka mlimani mchana kweupe, ukaondoa paa la kanisa zima zima, ukaliweka shambani kwa mtu bila kuvunja shina hata moja la muhogo. Watu walikwenda kulitazama. Walisimama mbali.

Sikumpa tena nafasi kwa siku kadhaa. Lakini prefe alisema mtoto ndiye bora darasani, kwa nini namfunga mdomo? Basi nikatafuta sentensi isiyo na madhara. "Njia ilikuwa mbaya sana hata..." Njia zetu zote ni mbaya, nikafikiri, hapo kuna kipya gani? Mapendo akasimama taratibu. "Kinga ikarudi na mtu mmoja na viatu vya watu wawili."

Kinga ni baiskeli, unajua. Mashemeji wawili walikuwa wamekwenda Kabambare kuuza mchele, wanasukuma kinga moja. Waliporudi, miti ya daraja iliteleza, mmoja akachukuliwa na maji. Yule mwingine akapita mbele ya shule yetu saa ya somo la pili, anasukuma kinga, viatu vya mwenzake vimefungwa kwenye usukani. Hakuwa analia. Matairi yalikuwa yanalia, kwii, kwii, kwenye matope. Darasa zima liligeuka, na hawakutazama barabara, walimtazama Mapendo. Naye hakuwa anatutazama sisi. Macho yake yalikuwa kwenye pembe ya nyuma ya darasa, pale ambapo hapakuwa na benchi wala mtu.

Nikamwita nje. Nikamuuliza anajuaje.

"Mwalimu, si mie," akasema. "Ukisha kusema nusu yako, ile ingine inakuwa imekwisha kufika. Inasimama kule nyuma. Mie ninaisoma tu."

"Inasimama namna gani?"

"Sawa mutu mwenye anangojea kuitwa."

Nilitaka kucheka, mwanangu. Kicheko kikagoma. Jua lilikuwa kali, na mimi vinyweleo vilinisimama mikono yote miwili. Nikaacha sentensi zile kabisa, nikahamia kwenye majina ya wanyama na vyombo vya nyumbani.

Wapi! Wanafunzi wenyewe walikuwa wameshaonja hofu, na hofu ina utamu wake. Siku moja, nikiwa nafuta ubao, mwanafunzi mmoja ambaye baba yake alikuwa kule kwenye machimbo akapaza sauti kwa Kiingereza, bila kuulizwa: "Shimo lilikuwa refu sana hata..." Nikageuka kumkaripia. Nilichelewa. Mapendo alikuwa ameshasimama, machozi yanamtoka, kama mtu anayeinuliwa kwa kwapa.

"Hata waliokuwa wanaimba chini hawakusikika tena."

Hakuna aliyerudia. Wachimbaji wetu wanaimba wakiwa chini, ndiyo namna yao ya kufanya kazi: wa juu wakisikia wimbo wanajua wa chini ni wazima. Kila mtu darasani alijua hilo. Na karibu kila mmoja alikuwa na baba, au kaka, au mjomba ndani ya shimo lile, maana vijana wa Wamaza walichimba pamoja, shimo moja. Nje kuku walikuwa kimya. Nilisikia chaki ikivunjika, kumbe ni mimi niliyeivunja.

Asubuhi ya kesho yake kapita, mkuu wa kijiji, alikuwa mlangoni mwa darasa na wazee wake. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Mwalimu," akasema, "sisi na wewe hatuna maneno. Lakini maiti ikitoka mu lile shimo, hata moja, huyu mutoto hatalala tena Wamaza."

Nilijua maana yake. Mwaka uliotangulia mama mmoja alikuwa amesindikizwa porini kwa mawe, nyumba yake ikachomwa, sababu watoto wa jirani waliumwa. Hakuonekana tena. Jivu la nyumba ile lilikuwa bado pale, nyasi hazijataka kuota.

Mjomba wa mmoja wa wachimbaji akasogea mbele, jasho linamtoka. "Basi aimalize vizuri! Aseme wametoka wazima! Sema, mutoto!"

Mapendo akafungua kinywa. Akatazama pembe ile ya nyuma kwa muda, akatikisa kichwa. "Haiko," akasema. "Iko ile moja tu."

Wazee wakarudi nyuma, wote, kama moto umewarukia. Na mimi, nisikudanganye, nilimwogopa kapita, na nilimwogopa na mtoto mwenyewe. Siku ile sikusema neno.

Nilirudi nyumbani nikamkuta Koko Feza kwenye sufuria yake ya mawese. Habari alikuwa nayo kabla yangu. Hakunipa kiti.

"Na wewe ulisema nini?"

"Sikusema kitu, Koko."

"Miaka yote ile ulikaa kwa masomo ili ukuje kunyamaza?" Akachochea moto, cheche zikaruka. "Mutoto anaona mvua inakuja, nyie munamushika ya kama ameleta mvua! Nani alitaka lile paa lianguke? Mie nilikuwa ninaona zile mbao zimeoza, kila Jumapili. Hata padri alikuwa anaziona. Nendaga unitafutie Mapendo, na upanguse huo uso."

Mapendo alikuja, akaketi chini karibu na moto. Koko Feza hakumuuliza habari za pembe ya nyuma. Alimuuliza habari za shimo. Msichana akaeleza: Baraka alipokuja mara ya mwisho alisema kuta zinatoka jasho, na miti ya kushikilia udongo inalia. Walimwambia mwenye shimo. Mwenye shimo akajibu wamekwisha kuufikia mshipa wa dhahabu, anayeogopa maji apande juu, wengine watachukua nafasi yake. Hakuna aliyepanda.

"Basi," akasema Koko Feza. Akautazama mvuke. Kisha akanigeukia. "Kesho utaenda kule. Utawaambia ya kama nimekufa."

Mwanangu, hapa nikueleze, kwa sababu ninyi vijana wa simu mnazisahau desturi. Kwetu, mchimbaji akifikiwa na habari ya kilio kutoka nyumbani, yeye na watu wote wa kijiji chake wanatoka shimoni saa ileile. Hakuna mwenye shimo, hata awe mkali namna gani, anayeweza kumzuia mtu mwenye kilio. Wanasema udongo unamtambua na utamfunika. Hiyo ni desturi moja. Ya pili ni kwamba mtu aliye hai haliliwi. Jina lake likishapita kwenye kilio, Wamaza hawalirudishi. Hata akitokea mbele yao anapumua, wao wameshamaliza naye.

Nikamwambia, "Koko, tuseme ni mtu mwingine."

"Nimutaje nani? Nitaje mama ya mutu, nimutoe mama yake mu wahai na kinywa yangu? Huo ndio ulozi, mwalimu. Na nikitaja mama ya moja, atapanda yeye moja, wengine watabakia. Mie wote ni wajukuu. Wote watapanda."

"Unajua watakufanyia nini?"

"Ninajua kukupita." Akafungua kitambaa alichokuwa amejifunga kichwani, cha rangi ya kahawa, kila mtu alikijua, akanipa. Nywele zake zilikuwa nyeupe zote. Sikuwahi kuziona. "Peleka hii, waamini. Mie nitafunga mulango, sitatoka mupaka murudie."

Mapendo alianza kulia. Koko akamwambia afunge mdomo amalize ngazi.

Niliondoka alfajiri na pikipiki ya prefe. Ukungu ulikuwa mzito, sikuona zaidi ya tairi la mbele. Njiani nilikutana na watu wanaokuja na vikapu vichwani, nikawasalimia, hawakuitika. Labda hawakunisikia kwa mlio wa injini. Nilijiambia hivyo njia nzima.

Nilifika machimboni jua likiwa utosini. Kando ya shimo la watu wetu alikuwa ameketi mtu mmoja peke yake, magoti kifuani, meno yanagongana katika joto lile. Ni Baraka, kaka ya Mapendo. Kutoka chini wimbo ulikuwa unasikika, mdogo, kana kwamba unatoka upande wa pili wa dunia. Nilikuwa sijazima pikipiki vizuri aliponiuliza.

"Mwalimu, Koko Feza alikufa wakati gani?"

Kitambaa kilikuwa bado ndani ya shati langu. Kinywa sikuwa nimefungua.

"Nani amekuambia?"

"Nilimuona. Leo asubui, mu ukungu. Alisimama pale." Akaonyesha mdomo wa shimo. "Kichwa wazi, hana kitambaa. Nikamuamkia, hakuitika. Alinitazama, akafanya na kichwa: hapana. Njo maana sikushuka. Wenzangu walinicheka, wakashuka."

Koko Feza alikuwa nyumbani kwake Wamaza, mwanangu, nyuma ya mlango uliofungwa. Mimi mwenyewe nilimwacha pale. Nikatoa kile kitambaa nikampa, na sikusema kitu kingine chochote, maana sikujua tena lipi ni uongo na lipi ni kweli.

Baraka akakishika kwa mikono miwili, akapiga ukemi. Sijawahi kusikia sauti ya namna ile ikitoka kwa mwanamume. Ukemi ukaingia shimoni, ukashuka, ukashuka. Na wimbo ukakatika. Nilisimama pale nasikia kimya chao, nikayakumbuka maneno ya Mapendo. Kisha kamba ikaanza kutikisika. Wakaanza kutoka mmoja mmoja, wamepakaa udongo mpaka kope, kila anayetoka anauliza, na anayejibiwa anajitupa chini. Mwenye shimo alikuja mbio akitukana, alipoona kitambaa akavua kofia. Wa mwisho alipokuwa ameketi kujifunga kiatu, shimo likajifunga. Halikupiga kelele kubwa. Lilivuta pumzi tu, kama mtu anayelala, na pale palipokuwa na mdomo pakawa na udongo mbichi, tambarare.

Watu wale hawakumshukuru mtu. Walipatazama, wakatazamana, wakashika njia ya nyumbani kumzika nyanya yao. Nilikwenda nao kwa miguu, nasukuma pikipiki, kwa sababu nilishindwa kuwatangulia. Walilia njia nzima. Waliimba nyimbo za kilio, wakataja kila bugali waliyokula kwake na kila mwiko waliopigwa. Nami nililia. Sikuwa naigiza, mwanangu. Nilikuwa sijui nitakuta nini.

Tulimkuta ameketi mbele ya nyumba yake, kichwa wazi, anakoroga sufuria.

"Mumefika?" akasema. "Bugali iko."

Hakuna aliyesogea. Kijana mmoja akageuka akakimbia, hakusimama mpaka mtoni. Nikaeleza. Nilisema yote mbele ya kapita na kijiji kizima: alivyonituma, kwa nini alinituma. Walinisikiliza vizuri sana. Kisha Baraka akasema polepole, "Mie nilimuona kule. Ile asubui, mu ukungu. Huyu mwenye kukaa hapa, ni nani?"

Na hapo ikaisha. Maiti haikutoka shimoni, kwa hiyo kapita alilazimika kulishika neno lake, na Mapendo akabaki Wamaza, akasoma, hakuna aliyemgusa. Lakini Koko Feza hawakumrudisha. Hawakumtukana, hawakumpiga. Walimwacha tu. Mawese yake hayakununuliwa tena. Akipita, salamu zinakatika. Niliwasikia wanawake wanasema, yeye akiwa pale pale anachota maji, "Marehemu Koko Feza alikuwa anapika mawese ya kweli." Aliendelea kuchota. Baraka, ambaye roho yake iliokolewa na mama yule, alizunguka kwa njia ya nyuma ili asipite mbele ya nyumba.

Niliwahi kumuuliza. "Koko, siku ile ulitoka?" Akanijibu, "Angalia moto, mawese yatamwagika." Sikuuliza tena. Tulibaki mimi na Mapendo kula naye. Darasani nilirudi kwenye sentensi zangu, na msichana akawa anamalizia kama wengine, kwa makosa ya kawaida. Nikamuuliza kama ile pembe ya nyuma bado ina mtu. Akasema haina. "Ilihamia kwa Koko, mwalimu. Inasimama mu mulango. Inangojea." Mimi niliingia na kutoka mlango ule kila siku, na kila siku nilipita ubavu ubavu.

Miaka ilipita. Kiangazi kimoja Koko Feza akafa, kweli, kitandani kwake, mchana. Mapendo, aliyekuwa sasa mwalimu wa shule ya msingi, akatoka uani akapiga ukemi. Hakuna nyumba iliyoitika. Nikaenda kwa kapita. Akanijibu kwa adabu, "Tulishamulia huyo, mwalimu. Mutu haliliwi mara mbili." Mapendo akamwosha peke yake. Mimi nikachukua jembe nikaanza kuchimba, na ardhi ya kiangazi ilikuwa ngumu, mwanangu, nikachimba nikilia kwa hasira.

Nilipoinua kichwa nilimwona Baraka barabarani na jembe begani. Amesimama. Anatazama, havuki. Sijui alikuwa amesimama pale tangu saa ngapi. Mapendo naye akamwona. Akaenda mpaka ukingo wa uwanja, mikono bado ina maji, na yule msichana wa sauti ndogo akasema kwa sauti ambayo majirani wote waliisikia:

"Kaka, Koko hakukufa siku ile. Alikubali kuitwa mufu ili wewe upande juu, na ili mie nibakie hapa. Ile yote ingine ni nyie mulifanya. Leo njo amekufa. Sasa unaogopa nani?"

Baraka akaangusha jembe, akaliokota, akavuka. Alipofika kwangu aliingia ndani ya shimo lile akaanza kuchimba, na alipokuwa anachimba akaanza kuimba, wimbo ule wa chini, ule waliouacha Salamabila. Mlango mmoja ukafunguka. Halafu mwingine. Walikuja wale waliopanda kamba, si wote, kapita hakuja, na wawili walisimama barabarani mpaka mwisho. Lakini waliokuja walilia. Kilio cha Koko Feza kililiwa mara ya pili pale Wamaza, na mpaka nilipohama hakuna aliyedhurika kwa sababu hiyo.

Sasa sikia, mwanangu, na hili usiliandike, likae tu. Ukiona matokeo mabaya, usikimbilie kumtafuta aliyeyataka. Tazama kwanza mbao zilizooza na kuta zinazotoka jasho, kwa maana mara nyingi mwenye hatia ni uvivu wetu wa kutazama. Anayekuambia ubaya unakuja, mpe kiti, usimpe mawe. Na wewe mwenyewe ukitaka kutenda wema, ujue kusudi ni lako lakini matokeo si yako. Yanaweza kukugeukia, ukakaa mbele ya sufuria yako watu wanakupita kama huna mwili. Tenda tu. Na ukimwona mwingine amekaa hivyo, usiulize kimempata nini. Uliza alikuwa anamtakia nani mema, kisha uvuke barabara ukiwa bado una mtu wa kumwamkia.

Ninyi mnaokwenda Kindu na mbali zaidi kutafuta kazi na maneno ya watu, Mungu awape kusudi safi na macho ya kuona linalokuja. Awaokoe na kinywa cha kuhukumu haraka. Na ikifika siku mmetenda mema nayo yakawalipa upweke, awaletee Mapendo mmoja mlangoni, mwenye sauti ya kutosha. Nenda salama, mwanangu. Chai umeiacha, nimeiona.